Amri Iliyojibu "Tayari"

Naandika sasa hivi kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitaanza kuwatetea watu.

Pale zahanati yetu Ujiji mimi ndiye ninayeshika kompyuta. Akija mfanyakazi mpya, naandika amri ya kuweka ruhusa, nataja "mtumiaji" ni nani, basi anaweza kufungua mafaili ya wagonjwa. Karani mmoja alipoacha kazi, daktari akaniambia nimfungie. Nikafanya tunavyofanya wote pale: nikachukua mstari uleule, nikabadilisha neno la kwanza tu, "weka" ikawa "ondoa". Kompyuta ikajibu: Tayari. Nikaenda kunywa chai.

Hazikupita siku nyingi, mama jirani yetu anayeuza mawese akaja, macho mekundu. Majibu yake ya damu yanasemwa sokoni. Hata mumewe alikuwa hajamwambia.

Daktari akamgeukia dada wa mapokezi. "Mdomo wako huo."

"Daktari, ningekuwa na mdomo, Ujiji nzima ingeshajua unavyokoroma zamu ya usiku."

Hakuna aliyecheka. Dada akaambiwa abaki nyumbani.

Nikaiuliza kompyuta nani bado ana ruhusa. Karani yumo. Tena faili la mama alilifungua kwa simu yake akiwa huko kwao Katubuka, wakati kazi alishaacha. Kumbe amri ya kuondoa haimjui "mtumiaji". Yenyewe mtu huyohuyo inamwita "mhusika". Usipomtaja mhusika, haimwondoi mtu yeyote, na bado inakwambia tayari. Ya kuangalia nayo inataka "jina". Mtu mmoja, kila amri inamwita inavyotaka.

Nikampigia fundi aliyeutengeneza huo mfumo.

"Kaka, kwa nini hivi?"

"Hizo amri niliziandika vipindi tofauti, bwana. Si mwongozo niliwaachia?"

"Kwa hiyo kila nikitaka kumfungia mtu nisome kwanza leo anaitwaje?"

"Punguza jazba, mdogo wangu."

"Sipunguzi. Kama neno hailijui, ikatae. Isiniambie tayari."

"Hapo una haki, nitarekebisha." Haki yangu inamsaidia nani sasa?

Dada amerudishwa kazini. Daktari alimwomba radhi kwenye korido, kwa sauti ya chini, wakati kumshutumu alimshutumu mbele ya wagonjwa.

Jioni nikaenda kwa mama. Nilimkuta anamimina mawese kwenye chupa.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukwambia, yule tumeshamfungia. Safari hii nimeangalia mwenyewe, hayumo."

"Marahaba. Na hao wa sokoni, utawafungia na nini?"

Akafuta mikono kwenye kitenge, akaniambia nisihangaike kumtunzia faili lake. Dawa sasa anafuata Simbo, anapanda gari asubuhi, wakati zahanati yetu anaiona kutoka mlangoni kwake.