Sakafu Mbili za Kapteni Aloysius

Makokha alikuwa fundi wa vigae, Mkenya wa Sirisia aliyepanga chumba mtaa wa Walukuba, mjini Jinja, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1976 Wakenya walianza kuandamwa huko na askari, vizuizi vikajaa barabarani, naye alikuwa hajamwona mkewe Nabalayo kwa miezi kumi na minne. Alipoitwa Mbale kutandika vigae nyumbani kwa Kapteni Aloysius, hakusita. Kutoka pale aliuona mlima wa mpakani, na ng'ambo yake ndiko alikokuwa Nabalayo.

"Maliza Jumamosi," Kapteni alimwambia, "mimi nakupa barua ya kuvuka mpaka pale Lwakhakha."

Makokha akapiga uzi wa chaki, akavipanga vigae vikavu, bila saruji, kuanzia mlangoni. Hapo moyo ukamshuka. Sebule ilikuwa na zege la zamani, gumu kabisa, lakini upande wa nyumba ulioongezwa ulimwagwa zege juzi tu, juu ya kifusi. Akapanga upya ili vigae vizima viishie pale sakafu mbili zinapokutana, akaacha mwanya wa upana wa kidole wa kujaza lami.

"Hii ufa ya nini?" Kapteni akafoka.

"Afande, upande mpya utakauka na kushuka kidogo. Nikiunganisha, vigae vitapasuka. Tungoje wiki nne."

"Funika tu! Si unataka kwenda kwa bibi yako?"

Makokha akainama, akaokota kigae. Akikibandika tu, Jumapili angekula ugali wa Nabalayo. Alikishika mpaka kikapata joto mkononi, kisha akakirudisha kwenye boksi.

"Nitangoja, afande."

Alimaliza sebule, barua hakupewa. Wiki ya tatu Kapteni akahamishiwa Masindi.

"Pole, fundi," alisema Santa, mke wa Kapteni, akifunga vyombo. "Mimi pia sijaona mama yangu tangu niolewe."

Makokha akaumalizia upande mpya mbele ya afisa mgeni aliyehamia pale, ambaye hakutaka kusikia habari za barua. Bila barua, akabaki Mbale. Madereva waliotoka mpakani aliwauliza kama mvua imenyesha Sirisia, maana kumtaja mkewe kulimshinda. Mara nyingi alijiuliza kama alikuwa fundi mzuri au mume mjinga.

Mwaka 1979, serikali ya kijeshi ilipoanguka, alivuka kwa miguu. Nabalayo alikuwa shambani akipalilia mahindi. Akajifuta mikono kwenye leso, akamtazama.

"Umekonda," akasema.

Makokha alivua viatu. Akaingia shambani kupalilia naye.