Kijiwe cha Lar Rossiter

Kwa miaka thelathini na mitatu Lar Rossiter aliendesha lori la kunyonya vyoo, na katika kijiji chetu cha Kilvarra hapakuwa na mtu rahisi kumpata kama yeye. Ukimtaka, ulifungua dirisha ukanusa. Kuna Jumapili aliegesha lori upande upepo unakotokea, padri akakata mahubiri katikati, na mpaka leo watu wanaisifu ile misa.

Lakini Jumamosi, akishajisugua kwa sabuni ya mafundi magari na kuvaa suruali yake ya mpira inayofika kifuani, Lar alipotea. Alikwenda kuvua besi. Na mvuvi wa besi wa pwani yetu ya Wexford ni mtu ambaye mkewe anazijua dhambi zake, maradhi yake na saizi ya chupi yake, ila hajui anasimama wapi na ufito wake wa kuvulia.

Besi mwenyewe ni samaki mzuri, mbavu za fedha, miba mgongoni, na ana kawaida ya kuja kula karibu kabisa na nchi kavu, kwenye povu la mawimbi, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu haingii. Sheria inakuruhusu wawili kwa siku. Wawili tu! Kwa hao wawili wanaume wazima wameacha kusalimiana makanisani. Aliyepata kijiwe kizuri cha kuvulia hakitaji. Akipiga picha na samaki wake anapiga mbele ya mlango wa gereji, lisionekane hata jiwe moja la ufukweni. Ukimuuliza kampata wapi, atakujibu, "Baharini." Hajakutukana. Ndiyo adabu yetu.

Katika adabu hiyo Lar alikuwa askofu. Gari lake jekundu aliliegesha Booly, ufuko wa mchanga ulio mashariki ya kijiji, mahali linapoonekana na kila mpita njia. Kisha alitoa baiskeli kuukuu kwenye buti, akapita njia za mashambani nyuma ya vijumba vya ng'ombe, mpaka Carrigeen, kwenye miamba ya magharibi, kilomita tano nzima kutoka lilipo gari. Huku nyuma watu waliliona gari wakajaa Booly. Mogue Furlong, mwenye baa na mkuu wa kikosi chetu cha kujitolea cha uokoaji baharini, alisimama Booly misimu minne. Alipata nimonia, na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto.

Mimi nilikigundua kijiwe kwa sababu ya mbwa wangu, aliyemfukuza sungura mpaka kwenye kichaka cha miiba, nikakuta humo baiskeli ninayoijua. Nilichungulia chini ya jabali. Lar alikuwa amesimama kwenye mfereji wa maji kati ya miamba miwili, maji yakimfika kiunoni, ufito umepinda. Akainua kichwa.

"Uko peke yako?"

"Na mbwa."

"Mbwa hasemi. Wewe je?"

"Mzee Lar, mimi sijaona kitu."

"Sikiliza, dogo. Siku nikisikia jina la Carrigeen kwenye baa ya Mogue, nakuja na lori, nafungua bomba mlangoni kwako. Mzigo wote wa vyoo vya hoteli."

Alikuwa akitania, lakini lori lilikuwepo kweli. Nikaapa. Baada ya hapo alinikaribisha mara mbili kwa mwaka, na kwa miaka sita tulisimama pale bega kwa bega bila kusema maneno hamsini. Alinifundisha kumfunga kaa kwenye ndoano kwa uzi mwekundu, kaa aliyetoka tu kujivua gamba, laini kama shavu. Nimewahi kuwa na walimu. Huyu ndiye ambaye sikumtoroka.

Nyumbani mkewe, Breda, hakula samaki. Hakuwa na mzio wala nadhiri. Alisema tu samaki anamtazama. Wakati wa uchumba Lar alimletea besi wa kilo nne amefungwa kwenye gazeti, Breda akamshukuru vizuri, samaki akamzika bustanini chini ya waridi. Walioana hivyohivyo, wakakaa pamoja miaka arobaini na mmoja. Lar alijipikia samaki wake kwenye banda la nyuma, mlango wazi, akimwimbia mkewe dirishani ili amkere. Waridi lilistawi ajabu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali sana kisha yanarudi kwa hasira. Maji yalikuwa yamepwa kabisa saa sita mchana. Kwa desturi yake Lar angevua mwanzo wa maji kujaa, na saa nane angekuwa ameshapanda juu, maana ikipita saa nane ule mfereji si mahali pa kukaa. Saa nane na nusu Breda alinipigia simu.

"Hajarudi. Simu yake haipatikani. Njoo tu, ninajiona mjinga nikiwa peke yangu."

Nilimkuta jikoni, amefunga aproni, anakaanga. Mogue alikuwa ameshafika, kavaa koti la njano la kikosi.

"Gari lake liko Booly," alisema Mogue. "Nimepita nimeliona. Boti naipeleka huko sasa hivi, na vijana wanane waufuate mchanga kwa miguu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo.

Naomba mnielewe nilivyofikiri, maana nilifikiri kabisa, sikupitiwa. Nilijiambia besi wamekuja. Besi wakila, mtu anasahau saa, na Lar aliwahi kuchelewa hivyohivyo mwaka juzi akarudi anacheka. Nilijiambia, nikitaja Carrigeen, watashuka watu kumi na boti na mdomo wa Mogue, wamkute mzee mzima anavuta samaki, na kijiwe cha miaka thelathini kitakuwa kimekufa mchana huo. Asingenisemesha tena. Kwa hiyo nilipanga niwaache watangulie, kisha niende peke yangu, kimyakimya, nimwambie mkeo anakutafuta.

"Wewe unakuja?" Mogue akauliza.

"Nafuata buti zangu nyumbani. Tangulieni."

Breda aliweka sahani mbele yangu. "Kula kwanza. Utasaidia nini na tumbo tupu?"

Nikala. Yai na mkate. Nilikula polepole, ili Mogue asije akaniona nikielekea magharibi. Breda aliuliza kama nataka chai nyingine, na mimi nikasema ndiyo.

Ilipofika saa tisa na robo nilikuwa juu ya jabali la Carrigeen. Baiskeli ilikuwa kichakani. Niliteremka nikimwita, naye akaitika mara ya kwanza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili.

Mguu wake ulikuwa umeteleza kwenye mwani ukaingia katika ufa kati ya mawe mawili, na jiwe la juu likakaa. Goti lilikuwa limegeukia upande usio wake. Maji yalimfika kifuani. Midomo ilikuwa ya bluu, lakini ufito alikuwa ameushika bado, ameuinua juu usilowe, mjinga yule, maskini wa Mungu.

"Umemwambia nani?" aliniuliza.

Hakusema nisaidie. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Sijamwambia mtu."

Akatabasamu. "Safi, dogo."

Nilipiga mbizi nikalishika lile jiwe. Nilivuta, nikasukuma kwa mgongo, nikaikata ile suruali ya mpira kwa kisu. Jiwe halikutikisika. Nilipoibuka mara ya tatu wimbi lilikuwa limepanda mpaka shingoni mwake, likashuka, na nikamwona akiyatazama maji, kisha akinitazama mimi, kisha akiangalia juu ya jabali ambako hapakuwa na mtu. Tabasamu likamwisha.

"Hakuna anayekuja," alisema.

"Hakuna."

"Basi kawaambie."

"Mzee Lar..."

"Kawaambie wote. Hata Mogue. Nenda!"

Chini ya jabali simu haishiki. Nilipanda kwa mikono na magoti. Mogue alipokea upepo ukivuma masikioni mwake.

"Yuko Carrigeen! Amenasa kwenye mfereji, maji yanajaa!"

"Carrigeen? Acha utani. Gari lake liko hapa, nimeliegemea."

"Gari ni la kutupumbaza, Mogue! Ana baiskeli! Lete boti!"

"Siku zote hizi?" alisema. Halafu nikamsikia akipiga kelele kwa watu wake, na injini ikinguruma.

Niliporudi chini mfereji ulikuwa umejaa, na wimbi likanitupa mara mbili kwenye mwamba. Niliuona mkono wake na ule ufito. Baadaye niliuona ufito peke yake, unaelea. Boti ilizunguka rasi saa kumi kasoro dakika tano. Mogue aliruka majini kabla haijasimama, na watu wanne wakalitoa lile jiwe kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Watu wanne tu walitosha.

Jumatatu Lar alilazwa sebuleni kwake, jeneza wazi, amevalishwa suti, ananukia vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kijiji kizima kilipita kumshika marehemu mkono, kikanywa chai na kula mikate ya nyama ya nguruwe. Naona aibu kuyasema haya, lakini wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, walinivuta kwenye korido wakanong'ona: alitumia chambo gani? Mmoja alikuwa bado na rozari mkononi.

Breda alinikuta jikoni nikiosha vikombe.

"Ulijua kwamba yuko kule?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

Alitazama jiko, kisha kile kiti nilichokalia Jumamosi. "Wakati unakula ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Bi Breda."

"Na chai ya pili."

"Ndiyo."

"Mlikuwa mnaogopa nini, wewe na yeye? Kwamba mtu atavua samaki?"

"Ndiyo," nikasema.

Alichukua kikombe mkononi mwangu, akakikausha, akakitundika mahali pake. "Kesho jeneza hulibebi," alisema, akatoka.

Kwetu jeneza hubebwa mabegani na watu sita wa karibu, kutoka nyumbani mpaka kanisani. Nafasi yangu ya mbele, upande wa kulia, alipewa Mogue. Mogue ni mfupi kuliko wenzake kwa kichwa kizima. Nilitembea nyuma kabisa, baada ya wanawake na miavuli yao, na kutoka huko nilimwona Lar akienda njia nzima ameinamia upande mmoja.