Niliwafanyia wenzangu homework ya Kiingereza, baba zao wote wakawa wavuvi

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka themanini na ushee na nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina nguvu za kutunga uongo.

Naona humu vijana wanaomba majibu ya literature kama wanaomba chumvi kwa jirani. Nimecheka, kisha nikakumbuka aibu yangu.

Enzi za Mwingereza nilisoma shule ya bweni ya misheni huku Mbinga. Mimi Mnyasa wa ufukweni, baba mvuvi. Wenzangu wengi walikuwa Wamatengo wa milimani.

Kiingereza nilikishika mapema, na kiburi kikaja nacho. Nikawa nafanya homework za bweni zima, malipo yangu nyama ya Jumapili. Nilinenepa, wakuu.

Mwaka wa mwisho ikatangazwa nafasi moja tu ya kwenda sekondari. Moyoni nilishafunga sanduku.

Mwalimu wa Kiingereza, Mzungu mmoja mkavu, akatupa swali la kuamua. Tulikuwa tunasoma kitabu cha mkulima wa Ulaya anayelima kwa farasi. Tulinganishe kazi yake na ya baba zetu.

Jioni wakaja watano. Sikuwahesabu hata kama washindani. Nikawapa jibu langu wanakili.

Kasiani wa Litembo akasita. "Ndugu yangu, baba hana mtumbwi."

"Wewe nakili. Mzungu anatazama grammar, hamtazami baba yako."

Kesho yake mwalimu akasoma madaftari kwa sauti. Baba sita, wote wanatega nyavu ziwani alfajiri, mmoja akiwa juu ya mlima Litembo. Na Litembo mwalimu alikuwa ameshafika kwa miguu yake.

Akamsimamisha Kasiani, aeleze kwa mdomo.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Lakini alieleza ngolo, kilimo cha kwao: baba anapanga majani kwa miraba mteremkoni, mama anayafukia kwa udongo, katikati panabaki shimo la kushika maji ili mvua isiondoke na shamba. Akaongeza kwamba mke wa yule mkulima wa kitabuni haonekani shambani kabisa, labda anaumwa.

Mzungu akavuta kiti, akakaa, akaanza kuuliza maswali. Sijawahi kumwona akiuliza kitu asichokijua.

Mimi nilikula viboko sita, kimoja kwa kila baba. Nafasi akapata Kasiani.

Siku ya kuondoka akanipa mkono. "Asante, ndugu yangu. Bila jibu lako nisingesimamishwa."

Hakuwa ananikejeli, na hapo ndipo iliponiuma. Inaniuma hadi leo.

Nilichojifunza: miaka miwili nilikula nyama ya yule kijana, na sikuwahi kumuuliza kwao wanalimaje.

Anayetaka kunisuta, uwanja ni wake. Ila aandike mwenyewe.