Siku Niliyolala Juu ya Bati Wakwe Wakiwa Uani

Haya, chekeni kabisa mmalize, ndipo nisimulie, maana najua habari hii Ntobeye nzima mnayo, ila mnayo imepinda. Kuna wanaosema siku ile nilikuwa nimelewa (tone sikuonja, na hilo ndilo lililoniponza, mtaona), kuna wanaosema nilikuwa uchi juu ya nyumba mbele ya wakwe, na huo ni uongo mtupu, kwa sababu suruali nilikuwa nayo, ilikuwa imepungua upande wa nyuma tu. Aibu niliyoipata Jumapili ile simwombei hata adui yangu, isipokuwa labda huyo anayecheka hapo mlangoni.

Mimi kama mnavyonijua ni kinyozi, na kichwa cha mtu sijawahi kukiharibu. Shida yangu ni mwisho wa wiki, nikiwa nyumbani. Kitu kikilia kwi, mimi nimeshakifungua. Pasi nimeifungua, redio nimeifungua, kitasa cha mlango wa choo nilikifungua nikakirudisha vizuri tu, isipokuwa Shangazi Koleta, dada yake baba mkwe, alipokuja kutusalimia kilimfungia humo ndani mpaka tukang'oa mlango, na yule mama hajanisamehe hadi leo. Mke wangu Evodia aliyavumilia yote hayo. Lakini siku nilipofungua cherehani yake (ilikuwa inagugumia kidogo, nikasema ngoja niitie mafuta), nikatandaza vyuma kwenye mkeka, nikavirudisha, vikabaki vingine mkononi ambavyo sikujua vimetoka wapi, na cherehani ikanyamaza kabisa huku sare za watoto wa watu hazijashonwa. Siku hiyo Evodia hakupiga kelele. Alimfunga Neema wetu mgongoni, akachukua nguo zake, akasema, "Baba Neema, mimi siwezi kuishi na mtu anayefungua vitu halafu hafungi." Akaenda zake kwao Kanazi.

Nilidhani ni hasira za siku mbili. Ukaisha mwezi, ukaingia wa pili. Jamani, nyumba iliyozoea mtoto kulia, akiondoka unaamka mwenyewe kumsikiliza, halafu unakumbuka. Nikatuma wazee na ahadi kwamba nimeacha kufungua vitu, wazee wakarudi na jibu la baba mkwe, mzee Sebastiani: atakuja mwenyewe Jumapili pamoja na binti yake, aone kama nyumba ile inakalika. Ikimridhisha, atamwacha. Isipomridhisha anaondoka naye, na asitumiwe tena wazee wa mtu.

Sasa nyie wa huku hamhitaji kuambiwa, ila huyu mgeni niliye naye kwenye kiti hajui, ngoja nimweleze. Kwetu mgeni akikaribishwa rubisi, yaani pombe yetu ya ndizi, mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili ajue hajawekewa kitu. Kabla mwenyewe hajaonja hakuna anayegusa mrija. Na neno zito kama la kumrudisha mke halisemwi makoo yakiwa makavu, linasemwa juu ya chungu kilichoonjwa. Kwa hiyo kazi yangu siku ile ilikuwa nyepesi mno: niwepo, nionje, nisiguse kitu kingine chochote.

Nilijipanga, nyie! Nilifagia uwanja, nikaweka chungu chini ya upenu penye kivuli, nikakifunika jani la mgomba, viti nikavizungusha. Paja la mbuzi likawa kwenye wavu, moto wa kiasi. Nikavaa suruali yangu ya kijivu ya misa. Runinga nikaigeuza ielekee dirishani, maana siku ile walikuwa wanacheza watani wa jadi, na mzee Sebastiani kwa mpira ni mgonjwa kabisa, nikajua timu yake ikishinda nusu ya kesi yangu imekwisha.

Ndipo picha ikaanza kukatakata.

Jirani yangu Sabini alikuwa kwake anachungulia juu ya ua. "Deo, hata kwangu inakatika," akaniambia. "Ni mawingu hayo. Yakipita itakaa sawa, achana nayo."

Nikasema sawa. Nikaketi. Nikainuka nikageuza nyama, nikaketi tena. Picha ikaganda, mchezaji mguu juu, mpira hauonekani. Mikono ikaanza kuniwasha. Nikajiambia misa haijatoka, na ikitoka watasalimiana kwanza, halafu kutoka Kanazi hadi hapa ni safari. Nikachukua spana, nikaegemeza ngazi pale upenuni, nikapanda kulizungusha dishi kidogo. Dakika moja tu. Maneno hayo matatu yamewamaliza watu wazima wenye akili zao.

Dishi lenyewe liko kule juu ya paa, kileleni kabisa. Nikachuchumaa, nikalegeza nati, nikasukuma kidogo, kidogo tena, na huko ndani nikasikia mtangazaji anatoka safi kabisa, sauti imenyooka. Moyo ukafurahi! Nikajisogeza nyuma nikaze nati, msumari wa bati ukashika suruali hapo penyewe, chwaaa, kutoka kwenye mkanda hadi nyuma ya goti, na upepo wa Ntobeye ukaingia bila hodi.

Hodi ikapigwa getini.

Walikuwa wamepata lifti. Nikachungulia: mzee Sebastiani na kofia yake na fimbo, nyuma yake Shangazi Koleta, nyuma yao Evodia wangu na Neema mgongoni. Nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili asingefanya, yaani badala ya kusema "karibuni, nipo huku," nililala kifudifudi upande wa nyuma wa paa, spana nikaiweka pale kileleni, nikabana pumzi. Jiwekeni mahali pangu na nyie! Ngazi inashukia katikati ya viti. Nishuke kinyumenyume, mgongo kwa wakwe, na suruali ile? Mbele ya shangazi wa mke wangu? Bora nife na bati.

Na bati lenyewe, mawingu yakapita, jua likatoka. Tumbo likaanza kuungua kama chapati.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" Sauti ya mzee.

"Atakuwa ametoka kidogo, baba," akasema Evodia. "Keti, baba."

Wakaketi. Nikasikia viti. Nikasikia Neema akisema "baba, baba," na sikujua anamwita babu yake au ameniona mimi, watoto wana macho.

"Na hii ngazi?" akauliza Shangazi Koleta. Yule mama hakosi kitu.

Halafu Evodia akasema, "Ni ya kuchumia maparachichi, shangazi." Nyie mnaijua nyumba yangu. Hakuna mparachichi pale. Mke wangu, niliyemwulia cherehani yake, alikuwa ananidanganyia kwa baba yake mzazi, na mimi nimelala juu namsikiliza. Machozi yalinitoka, na sisemi yalikuwa ya moshi peke yake.

Maana moshi nao ulikuwa umeanza. Nyama haina wa kuigeuza, mafuta yanadondokea motoni, na moshi wote unanijia mimi.

"Yemwe, jamani! Nyama inaungua na mwenyewe hayupo!" Shangazi huyo. "Kaka, na kiu tuliyo nayo! Evodia si aonje yeye tunywe? Si ni nyumba yake?"

"Leo ni mgeni hapa kama wewe," mzee akajibu. "Aliyeniita ndiye atakayeonja."

Neno lile liliingia ndani kabisa. Mke wangu mgeni katika uwanja wangu, chungu kipo, kiu ipo, na wa kuonja nipo mita chache juu ya vichwa vyao nabanikwa pande mbili. Nikaamua nishuke, liwalo na liwe. Wallahi nilikuwa nimeshainua goti (mimi Mkatoliki, lakini siku ile ningeapa kwa lolote), ndipo nikamsikia Evodia.

"Baba, nakuomba tumsubiri. Ameniambia ameacha. Hashiki tena kitu. Na mimi nataka kurudi, baba. Mtoto anamtafuta."

Sasa hapo nishuke vipi? Nikishuka na spana, namfanya mke wangu mwongo. Nikarudi kulala. Moshi ukaniingia kooni, nikabana, nikameza, nikaziba mdomo kwa viganja viwili, nikasali kwa mtakatifu yeyote aliyekuwa na nafasi. Kikohozi kikatoka. Bati likatikisika. Ile spana pale kileleni ikaanza kwenda upande wao, taratibu, kama mtu anayejifikiria. Nikairukia kwa mkono, nikashika upepo. Kwa, kwa, kwa, kwa, kila mgongo wa bati inagonga, mpaka ukingoni, kisha kimya kidogo, kisha puuu! Chungu kikapasuka vipande viwili, na rubisi yote ikamwagikia viatu vya mzee Sebastiani.

Na wakati uleule, nyie, ndani runingani, goli! Timu yake! Uwanja mzima unalipuka, Sabini kule kwake anapiga bati la ua kwa mateke, na mzee, badala ya kutazama goli ambalo mimi nimemtengenezea picha safi, ameinua kichwa, na mimi kwa kuirukia ile spana nimejitokeza nusu, sina pa kurudi.

Aliiokota spana. Akaifuta rubisi kwa leso yake.

"Evodia," akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Parachichi lako limeanguka."

Evodia alijifunika uso kwa viganja. Nikasema kutoka juu, "Shikamoo, baba." Jamani, kumsalimia baba mkwe ukiwa juu ya kichwa chake! Hakuitika. Nikaeleza kwa sauti ndogo habari ya suruali. Akatazama chini, akafikiri, akaamuru, "Geuzeni viti. Wote." Na wakageuza, mzee mzima na dada yake, wakautazama ua kama watoto waliopewa adhabu, nikashuka ngazi nyuma ya migongo yao, Evodia akanirushia kitenge bila kunitazama, nikajifunga.

"Umekuwa huko tangu lini?" mzee akaniuliza, bado amenipa mgongo.

"Tangu mnaingia, baba."

"Basi umesikia alivyokutetea."

"Nimesikia, baba."

"Ukamwacha aseme peke yake."

Nikakaza fundo la kitenge.

Akasimama. "Chungu hakipo, hakikuonjwa, neno hakuna. Jumapili ijayo uje kwangu na kingine. Uje na suruali." Akatangulia. Shangazi alinipita akinusa kile kitenge, akasema afadhali yeye alifungiwa chooni hakuonekana. Evodia alikuwa wa mwisho. Nikadhani atasema neno. Alisimama kwenye wavu, akaligeuza lile paja lililokuwa jeusi upande mmoja, akaondoka. Nikabaki na runinga inayoonyesha vizuri sana, goli linarudiwa na kurudiwa.

Jumapili iliyofuata nikafunga chungu kwenye baiskeli, nikaenda Kanazi, na kila mlima nilishuka nikasukuma, nakishika kama mgonjwa. Nikaonja mbele ya macho yao wote. Wakanywa. Mzee bado hakulitoa lile neno la kumrudisha mke. Akawasha runinga yake, tukakaa, Evodia mlangoni na mtoto, na mpira haujafika mbali picha ikaanza kukatakata, ikaganda kabisa.

Mzee akageuka taratibu. "Mkwe," akasema, "hivi hii inakuwaje? Wewe si unajua mambo haya? Ngazi iko hapo nyuma."

Wote wakanitazama. Shangazi aliacha mrija. Nyie, nati ya lile dishi nilikuwa naiona kwa dirisha, imelegea, mzunguko mmoja tu wa mkono ungeitosha, mikono inaniwasha mpaka kwapani. Nikaikalia. Kweli nawaambia, niliikalia mikono yangu miwili, nikasema, "Baba, tumwite fundi."

Halafu mzee akavuta mrija wake kwa muda mrefu, akasema, "Ni mawingu tu. Itakaa sawa." Na nilipotazama mlangoni Evodia hayupo tena, nikamsikia chumbani anakunja nguo zake, anamwambia Neema avae viatu.

Kwa hiyo chekeni, lakini dakika moja tu mimi siitaki tena, wala usiniletee kitu kinacholia unaniomba nikiangalie. Cherehani imetengenezwa na fundi mwenyewe wa cherehani, inashona. Jana mlango wa choo umeanza kulia kwi, kwi, kila ukifunguliwa. Evodia akanitazama. Mimi nikatazama ukuta, nikaikalia mikono yangu, na mlango nikauacha ulie.