Mke Niliyemwandika Ubaoni

Nimeanza kujicheka mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nimehamishiwa Maretadu, mkoa huu mpya wa Manyara. Huu ni mwezi wa nne tangu nifike, na hakuna aliyewahi kupiga hodi kwangu.

Jumatatu nilifundisha kitenzi cha kuja. Mifano ya kitabuni, ya Juma na mpira wake, imenichosha. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba mke wangu huja kila likizo, kwamba alikuja mwaka jana, kwamba atakuja Jumamosi. Sina mke. Ila sentensi ile ya mwisho niliipenda, nikaiacha ubaoni hadi jioni. Nilisahau kwamba huku, mwalimu akiandika kitu ubaoni, hiyo ni taarifa. Wanafunzi waliinakili, wakaenda kuwatafsiria wazazi.

Jumamosi asubuhi nikasikia hodi. Akina mama sita walisimama uani na vitenge vya kanisani, wamebeba maziwa, maharage na kuku. Mbele yao alikuwa bibi jirani yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Tumekuja kumpokea mgeni wako. Tulidhani hupendi watu, kumbe ulikuwa unamsubiri mwenzako."

"Yuko njiani," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo.

Akaingia kuweka maziwa mezani, akatazama kikombe changu kimoja na sahani yangu moja. Akanigeukia taratibu.

"Anaitwa nani, tumwimbie akifika?"

Nikafungua mdomo. Katika sentensi zote tatu, sikuwa nimempa jina.