Pamba Iliyoota Ndani ya Gunia

Mimi si mtu wa kusema. Darasani najua jibu lakini mkono haunyanyuki, na wageni wakija nyumbani nawaamkia "Mwangaluka" kwa sauti ambayo wengine hawaisikii, wakanidhania sina adabu. Ndiyo maana naandika. Haya nayaandika nyuma ya daftari la Jiografia, kwa sababu kuna jambo nililifanya nikiwa kidato cha pili, na aliyebeba aibu yake ni baba.

Baba alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika kijijini kwetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Bariadi mjini. Sikuwahi kumjua kwa kazi nyingine. Msimu wa pamba ukifika, watu walileta magunia ghalani, na kabla hajapima alizamisha mkono mpaka begani, akatoa pamba ya chini kabisa, akaikamua, akainusa. Yenye maji aliirudisha. Yenye mchanga aliirudisha. Iliyobaki, safi huku, fifi, yaani ya daraja la pili, huko. Aliwahi kumrudisha mjomba, kaka yake mama, mbele ya watu wote, na mjomba hakukanyaga kwetu mpaka mvua zilipoanza. Jumapili huyo huyo baba alikuwa mzee wa kanisa, anakaa mbele pembeni mwa mimbari. Kwa hiyo mimi tangu utoto nilidhani Mungu naye ni karani wa mizani, anayeingiza mkono mpaka chini.

Kisha likaja soko huria. Shuleni mwalimu wa Uraia alitueleza kwamba sasa kila mkulima atamuuzia amtakaye, na kwenye jaribio nilipata alama nzuri. Kijijini lilimaanisha ghala la chama kupigwa kufuli, popo wakahamia, na baba kushinda nyumbani na kalamu bado mfukoni mwa shati. Malori ya wanunuzi yakawa yanakuja yenyewe, kila moja na mizani yake na wakala wake. Hakuna aliyeuliza safi wala fifi.

Mwaka wa kwanza sisi tulichambua kama kawaida, baba, mama na mimi binti yao, wiki tatu juu ya kichanja, tukitoa majani makavu na vipande vya njano kimoja kimoja. Siku ya kuuza, wakala alimimina gunia letu la safi kwenye lori, akamimina juu yake uchafu wa jirani, na vijana wakapanda kukanyaga. Baba alisogea akamwambia kwa upole kwamba ile ilikuwa safi.

"Mzee," wakala akasema bila kugeuka, "yote ni pamba."

Jirani yetu, mama mmoja anayependa utani, alicheka mpaka akashika kiuno. "Endeleeni kuichagua kama mchele wa harusi. Yetu sisi tunainywesha kwanza, ilikuwa na kiu."

Kila mtu alikuwa anainywesha. Maji kidogo, mchanga kidogo, gunia linakuwa zito. Nilikasirika njia nzima ya kurudi, na sitadanganya, sikuwakasirikia wao. Nilimkasirikia baba. Nilimwona mjinga.

Msimu uliofuata mama alikwenda Mwanhuzi kwenye msiba wa dada yake, akabaki huko kulea watoto wa marehemu. Nyumbani tukawa wawili tu. Tulichambua wawili, tukajaza magunia manne, baba akashona midomo. Ikatangazwa kwamba lori litakuja kesho yake. Alasiri ile baba alikwenda kwenye kikao cha wazee kanisani. Nilifumua uzi wa magunia mawili, nikanyunyiza ndoo nzima ya maji, nikachanganya mchanga wa mtoni, nikashona tena kwa kufuata matundu yale yale ya baba. Sikuogopa. Nilijisikia kama nimemnunulia viatu bila yeye kujua. Nilisema moyoni, safari hii hawatamcheka.

Lori halikuja. Wakasema limeharibikia Maswa. Kesho yake halikuja tena, wala keshokutwa. Zikapita siku tisa. Wanaonywesha pamba hufanya hivyo asubuhi ile ile lori linapotarajiwa barabarani, kila mtoto wa kijiji anajua, ila mimi sikujua. Kwetu jambo hilo halikuwahi kufanyika, na hakukuwa na wa kunifundisha. Siku ya tano niliweka kiganja juu ya gunia, nikakuta lina joto kama mgonjwa. Nilimwomba Mungu aikaushe. Jioni tukiwa tunakula nilifungua mdomo nimwambie baba, nikajikuta naomba chumvi.

Lori lilipokuja lilikuwa na wakala mpya, mkali, aliyesema kiwandani wamechoka kununua maji. Akaanza kuingiza mkono kwenye magunia. Watu wakanuna. Baba peke yake alifurahi. Uso wake ulikunjuka kama mtu aliyesikia hodi ya rafiki aliyepotea siku nyingi. Akapita mbele ya foleni.

"Anza na yangu," alisema, kwa sauti ya zamani, ile ya ghalani. "Fungua lolote. Ukikuta tone la maji, mimi si mzee wa kanisa tena."

La kwanza lilikuwa kavu. La pili wakala hakuhitaji hata kuzamisha mkono. Uzi ulipokatwa tu, harufu ilitoka. Akachota kiganja, akakinyanyua watu waone. Pamba imekuwa ya njano, imeshikana, na mbegu zimeota. Vichipukizi vyeupe vilikuwa vimetokeza kila mahali, virefu kama ukucha.

Walisogea kuangalia. Kisha mzee mmoja, aliyewahi kurudishwa ghalani mara mbili, akasema taratibu, "Karani, hii si ya kuuza. Peleka shambani, imeshajipanda." Na hapo kicheko kikalipuka.

Baba aliutazama uzi uliokatwa. Akanitazama mimi, nilikuwa nimesimama karibu na tairi la lori. Mama hayupo, nyumbani tuko wawili, hakuwa na la kukisia. Nilisubiri aseme.

"Nimeweka mimi," baba akasema.

Aliyarudisha magunia nyumbani kwa baiskeli, moja moja. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliimwaga ile pamba nyuma ya zizi, akakaa juu ya gogo, akaniuliza nilitaka nini. Nikamjibu kwamba nilitaka wasimcheke. Akaitikia kwa kichwa kama anayekubali hesabu ya mtu mwingine. Kisha akanikataza kulisema kwa mtu yeyote. "Wewe utasoma, utaondoka hapa. Mimi nimeshazeekea hapa." Na tena sitadanganya: nilifurahi kukatazwa.

Kanisani walimtoa kwenye uzee na wakamzuia asishiriki Meza ya Bwana. Akahamia benchi la mwisho upande wa wanaume, karibu na mlango. Mama aliporudi alikuwa ameshasikia habari yote njiani. Alimuuliza baba mara moja tu, naye akajibu yale yale. Mama akaketi chini na mzigo bado kichwani. "Miaka yote unamrudisha kaka yangu mbele za watu," akasema. "Kumbe." Tangu siku ile akawa anamtengea chakula bila neno. Mimi nilimnawisha baba mikono, nikasimama katikati ya ukimya wao na birika, nikijua dawa yake iko mdomoni mwangu.

Wakati huo nilikuwa darasa la ubatizo. Wenzangu walisali kwa machozi. Mimi nilifumba macho nikaona vile vichipukizi. Sikuweza kuomba. Nilianza kufikiri kwamba pengine hakuna anayesikia, na wazo hilo halikunitisha, lilinipumzisha. Labda ningebaki hivyo. Lakini siku moja mchungaji, akitufundisha juu ya unafiki, alitoa mfano wa mtu aliyepima pamba ya wenzake huku yake imejaa maji. Hakumtaja. Wenzangu wote kumi na mmoja wakageuka kunitazama.

Kabla ya kubatizwa, kila mmoja husimama mbele ya kanisa na kutoa ushuhuda wake. Wenzangu walisema walikuwa gizani na sasa wako nuruni, dakika moja, watu wakasema amina. Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele. Nikasema, "Maji kwenye pamba ya baba niliweka mimi. Yeye hakujua."

Mtu kutoka katikati akasema, "Mtoto, paza sauti, huku hatusikii."

Ikabidi niseme tena. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ikagonga mabati. Hakuna aliyesema amina.

Nilidhani ukweli ukishasemwa, kitu kitanyanyuka. Wazee walikaa kikao baada ya ibada, wakatuita. Ubatizo wangu ukaahirishwa mpaka watakapoona matunda. Na baba hawakumrudisha, kwa sababu, walisema, alilidanganya kanisa. Adhabu inabaki, kosa tu ndilo limebadilika. Mama alijitanda kanga usoni akatangulia nyumbani, na sikujua kama ananikimbia mimi au anamkimbia baba, ambaye yeye alimnunia bure miezi yote ile.

Baba na mimi tulirudi nyuma yake, yeye akisukuma baiskeli.

"Nilikukataza," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akahamisha baiskeli upande wa pili, akatembea karibu nami. "Mara ya pili ulisema vizuri."

Jumapili iliyofuata sikwenda upande wa wanawake. Niliingia mlangoni nikaketi benchi la mwisho, kando yake. Mhudumu wa siku hiyo alikuja akanionyesha kwa kidole kule wanakokaa mabinti. Uso uliniwaka, lakini sikunyanyuka. Baba hakunitetea wala hakunifukuza. Alisogea tu, nami nikapata mahali pa kutosha.

Hapo ndipo nilipoanza kusali tena. Sikusali kwa sababu nilikuwa na amani. Nilimwambia Mungu nina hasira na wale wazee, nina hasira na wakala wa mwaka wa kwanza aliyekanyagisha pamba yetu, na nina hasira na Yeye aliyeona kila kitu akanyamaza. Nilimwambia yote, kwa Kisukuma, kwa sababu hasira yangu haijui Kiswahili. Ilikuwa sala ndefu kuliko zote nilizowahi kusali. Nilipofumbua macho mchungaji alikuwa bado anahubiri, na baba alikuwa ananitafutia mstari kwenye Biblia yake, kidole kimefika mahali, ananisubiri nisome.