Niliacha Gari Lijae

Ukitaka kunichokoza, liseme vibaya gari langu. Nimegombana kwa ajili yake na shemeji yangu, na jirani wa chini, hata na mwanamume mmoja katika foleni ya benki ambaye sikumjua na wala hakuwa ameniuliza chochote. Ni gari dogo jeupe la umeme, lililotumiwa na watu wengine huko ng'ambo kabla ya kufika kwangu. Mimi hushona mapazia Nairobi na kuyapeleka kwa wenyewe, na kwa kazi hiyo sijaliona kosa lake. Safari ndefu tu ndizo hulitia aibu.

"Gari ya kuchajiwa kama simu!" shemeji alicheka siku nilipolifikisha nyumbani Rongai, ile ya mbele ya Nakuru, mara ya kwanza. "Hiyo kitu itakuangusha siku moja, utaona."

Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Aliyelipenda tangu siku hiyo ni baba peke yake. Baba alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke Olkaria, kule Naivasha ambako mvuke wa ardhini huzalisha stima, tangu mimi nikiwa mdogo hadi alipostaafu na kuhamia kwenye shamba lake Rongai. Enzi hizo familia tulikaa Bondeni, Nakuru, katika nyumba za kaunsili, naye alirudi Ijumaa jioni koti lake likinuka mayai viza. Mama hakumruhusu kuvuka kizingiti kabla ya kulivua. Sisi watoto tulilipigania koti lenyewe, kwa sababu mfukoni hakukosa mandazi mawili ya kantini. Aliuzungumzia mvuke kama watu wengine wanavyozungumzia ng'ombe wao: wa kisima hiki ni mkali, wa kisima kile ni mpole ila usimpe mgongo.

Siku hiyo ya kwanza alilizunguka gari mara mbili, akaligonga bodi kwa kidole.

"Inatumia stima ya wapi?"

"Hii hii ya kawaida, Baba."

"Basi inatembea na mvuke yangu." Alifurahi hata akaketi. "Utanipeleka Olkaria na hii gari, mama. Nione vile wanaendelea."

Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Nikamwahidi, na sikuahidi kwa mzaha.

Mara ya kwanza nilipojaribu, simu ilinionyesha kwamba chaja ya Naivasha inafanya kazi. Nilipofika, kioo chake kilikuwa cheusi tii, na mlinzi akaniambia kiko hivyo tangu Jumapili. Niliishia kuomba stima hotelini, waya umepitishwa dirisha la jikoni, nikinywa chai kikombe baada ya kikombe kwa aibu ya kukaa bure. Kufika Rongai ilikuwa jioni na baba alishavua viatu. Mara ya pili nilikuwa na mapazia ya harusi. Mara ya tatu nilimwambia tungoje kidogo, labda wataweka chaja Rongai, nisimpeleke mzee mtu mzima kukaa kwenye maegesho ya watu.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama," alisema. Nami nikacheka.

Kwa asiyejua, kusafiri na gari la namna hii ni kazi ya kuulizia. Ninazo programu tatu kwenye simu na kadi mbili kwenye pochi, kwa maana kila mwenye chaja ana yake. Nimo pia katika kundi la madereva wenzangu ambao sijawahi kuwaona. Unaandika, "Jamani, Naivasha iko aje?" na mtu aliyepita hapo asubuhi anakujibu, "Iko poa, lakini teksi mbili ziko kwa laini." Hapo unajua kama utafika kwenu kwa chakula cha mchana au cha jioni. Nilishazoea, hata nikaanza kuona fahari.

Baba aliugua mwaka uliofuata. Hospitali walimtunza, kisha wakamrudisha nyumbani Rongai kwa dada yangu mdogo, aliyekuwa akiishi naye pamoja na mumewe, yule shemeji. Hakuna aliyetuambia ni kwa nini amerudishwa, na hakuna aliyeuliza. Alhamisi moja, saa moja asubuhi, dada alinipigia.

"Mzee ameamka vizuri. Amekunywa uji yote. Ameniitisha koti yake ya kazi akavaa. Anasema leo mnaenda Olkaria."

"Anaweza safari kweli?"

Dada alitoka nje, nikasikia kuku. "Hawezi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kuja leo. Usiseme kesho. Hata kama ni kumzungusha hapa kwa lango tu, akalie hiyo gari. Tafadhali, siz."

Nilitoka na nguo nilizokuwa nimevaa.

Kwenye mteremko wa kuingia Bonde la Ufa gari hujirudishia chaji lenyewe, na kwa kawaida mimi hufurahia kuona namba ikipanda badala ya kushuka. Siku hiyo sikuiangalia. Naivasha chaja ilikuwa nzima na haina mtu. Nikachaji dakika ishirini nikiwa nimesimama. Kutoka pale niliuona mvuke wa Olkaria ng'ambo ya ziwa, mweupe, umesimama wima. Nilijiambia nitakwenda kumwambia kwamba upo, kwamba hata yule mkali yupo.

Dada alikuwa akipiga kila baada ya muda mfupi. Umefika wapi? Gilgil. Umefika wapi sasa? Anauliza. Nami nikakanyaga. Gari la umeme ukilikimbiza linakula chaji kuliko mtoto wa kiume anavyokula ugali, na niliingia Nakuru zimebaki asilimia kumi na moja. Hazingenifikisha Rongai, achilia mbali kumzungusha mtu.

Chaja niliyoijua ipo nyuma ya jengo la maduka. Mhudumu alikuwa mama wa rika langu, amevaa jaketi la kumeremeta.

"Chomeka haraka, mathe," nilimwambia. "Ikifika arobaini nachomoa. Niko na mgonjwa Rongai."

Namba ilianza kupanda. Hapo ndipo nilipotambua kuwa simu imenyamaza. Dada hakuwa amepiga tangu Gilgil. Nikapiga mimi, ikaita, ikaita, na sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamume. Alikuwa mzee wa kanisa la nyumbani, mtu mpole aliyemjua baba kwa miaka mingi.

"Bwana asifiwe, mama."

"Asifiwe, mzee. Baba yuko aje?"

"Tuko hapa na yeye. Wewe umefika wapi?"

"Nakuru. Nachaji gari."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Basi usikimbize gari, mama. Haraka haraka haina baraka. Chaji vizuri. Sisi tunakungoja."

"Nipe dada yangu."

"Ako na kazi kidogo. Mtaongea ukifika."

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwa simu, sembuse mtu aliye njiani anaendesha. Simu huhamia mikononi mwa mtu mzima. Huyo mtu mzima atataka kujua umefika wapi na uko na nani, kisha atakuomba uende polepole, na yule uliyemzoea hatapatikana. Mama alipofariki ilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa bado mjinga wakati huo. Nilibishana na mjomba kwa simu, nikakimbia, nikafika nikakuta viti vimepangwa uani. Tangu siku hiyo nimejua kuisoma simu ya namna hiyo, na watu wangu wanajua kwamba najua. Ndiyo sababu sikupiga tena kuuliza. Kumlazimisha mzee wa watu aseme kitu hicho kwa simu ni kukosa adabu.

Niliketi kwenye ukingo wa saruji kando ya chaja.

"Mathe, uko sawa?" yule mhudumu aliniuliza.

"Nimefiwa na baba."

"Woi. Pole. Pole sana." Aliniletea maji akanishika bega. Baadaye kidogo alitazama kioo cha chaja. "Imefika arobaini na mbili. Nikuchomolee uende?"

Nilifikiria. Penye msiba, gari si lako tena. Litakwenda mochari, litakwenda kuchukua shangazi stendi, litakwenda kuleta viti vya kanisa na sufuria, na Rongai hakuna pa kuchaji. Shemeji angesema nini likizima siku ya pili ya matanga? Nilikuwa nimefiwa na bado nililichunga jina la gari.

"Wacha ijae," nilimwambia.

Kila anayechaji barabarani anajua kuwa kuanzia asilimia themanini umeme huingia polepole, kwa kuvizia. Wenye haraka huondoka hapo. Mimi nilikaa. Nililia nikamaliza, nikanawa uso. Niliwapigia wateja wawili kuahirisha kazi. Nilifikiria koti lile la kazi, kama wangekubali azikwe nalo, na nikapanga jinsi nitakavyopambana na atakayekataa. Ilipita saa moja na zaidi. Gari lilipofika mia moja nilimshukuru mhudumu, nikaendesha kwenda Rongai taratibu, kama nilivyoagizwa, malori yote yakinipita.

Langoni hapakuwa na mtu. Uani hapakuwa na kiti hata kimoja kilichopangwa. Kiti kilikuwa barazani, kimoja tu, kimewekewa mto na kimeelekezwa langoni, na kando yake kikombe cha chai. Nilishuka nikauacha mlango wa gari wazi.

Dada alitoka ndani ameshika kichwa. "Umekuja saa hii!" alisema. "Ametuacha saa hii tu, siz. Hata chai yake bado ni moto."

Alinieleza akilia, na nilisikia kila neno. Nilipopiga simu kutoka Nakuru alikuwa amemkumbatia baba wakimsogeza kwenda barazani, mikono yote miwili imeshikwa, ndipo akamwachia mzee wa kanisa simu. Baba alitaka akae mahali anapoona lango. Alisema gari la binti yake halina sauti, na kama hataliona hatajua limefika. Alikaa pale muda wote huo. Aliuliza kama nimetoka Nakuru. Akauliza tena. Kisha akaomba chai, na ilipoletwa hakuinyooshea mkono. Wakamrudisha kitandani, na hakufumbua macho tena.

Mzee wa kanisa alisimama karibu nasi, kofia mkononi. "Mimi ndiye nilikuambia usikimbie, na nikamkataza dada yako kukupigia ukiendesha," alisema. "Juzi tumezika kijana wa hapa aliyekuwa anakimbilia mgonjwa. Nikaona hii familia isipate mbili." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Sikuweza kumkasirikia, na huwa nakasirika haraka.

Shemeji alikuwa ameegemea nguzo. "Ni hiyo gari," alisema. "Nilisema itakuangusha. Mtu na gari ya petroli angekuwa amefika kitambo."

Wote waliniangalia. Walingoja niwake, kama kawaida yangu.

"Kulikuwa na laini kwa chaja?" dada aliuliza. Aliuliza kwa huruma, akinitafutia pa kutokea.

"Ndiyo," nilisema. "Laini ilikuwa ndefu."

Jioni hiyo tulilaza viti vya nyuma, tukamtandikia baba shuka mbili, naye akiwa katika koti lake. Hakuna aliyelikataa. Dada alikaa nyuma akimshika kichwa kisigongwegongwe. Hivyo ndivyo alivyosafiri kwa gari langu, mara ya kwanza na ya mwisho, kutoka Rongai hadi mochari ya Nakuru. Lilikwenda kimya, tukasikia tu dada akiimba kwa kukatakata. Tulipomkabidhi kwa wahusika na mlango ukafungwa, nilirudi nikaketi kwenye usukani, nikatazama ile namba. Zilikuwa zimebaki asilimia za kutosha kumfikisha Olkaria.

Bado naliendesha. Naivasha siku hizi chaja haziniangushi, na lile kundi la madereva limekua hata siwezi kusoma jumbe zote. Nairobi, watu wakilisema vibaya gari langu, nagombana nao kama zamani. Nyumbani Rongai ni tofauti. Tukikutana kila Krismasi, shemeji hawezi kumaliza kula bila kuwasimulia wageni jinsi gari la umeme lilivyomnyima mzee kumwona binti yake. Dada hunitazama, akingoja nilitetee. Mimi huinuka, nikachukua birika, nikamwongezea shemeji chai.